Baba amepooza, anataka kurudi Marangu: tumsafirishe na nini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtoto wa pili kati ya wanne. Naishi Moshi mjini na nafundisha shule ya msingi. Baba yetu ana miaka 83. Mwezi wa tatu alikwenda Dar kwa kaka mkubwa, kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Siku ya nne asubuhi akaanguka bafuni. Hospitali wakasema ni kiharusi. Upande wa kulia umelegea wote, maneno yanatoka mawili matatu, na anameza kwa shida. Alilazwa wiki tano, na katikati akapata nimonia tukadhani tumempoteza. Mungu akasaidia. Sasa ni wiki ya tatu tangu aruhusiwe, yuko Tabata kwa kaka, kwenye chumba walichohamishwa watoto. Ana mpira wa mkojo, na shemeji anasema ameona kidonda kidogo juu ya makalio.

Neno analolisema kila siku ni moja: nyumbani. Nyumbani ni Marangu, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo lenye migomba, na mama yuko huko peke yake na msichana wa kazi. Mama ana miaka 77 na magoti yanamsumbua. Kila jioni ananipigia kuuliza baba analetwa lini.

Shida ni sisi watoto. Kaka anasema atatoa viti kwenye Noah yake, atatandika godoro, waanze safari Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi wawe wamefika. Amechoka, na nyumba ni ndogo, simlaumu. Mdogo wetu aliye Uingereza hataki kusikia habari ya Noah, anasema baba apande ndege mpaka uwanja wa Kilimanjaro (KIA), au tukodi ndege ya wagonjwa, yeye atachanga. Dada wa Mwanza amesikia kuna gari la wagonjwa la bure ukipiga 115. Mimi nilipiga simu kuulizia ambulensi za kukodi. Mmoja alisema milioni moja na laki mbili, mwingine milioni mbili na nusu, kwa njia ileile! Sikuelewa tofauti yao ni nini.

Juzi kwenye grupu la familia kaka aliandika, "Akifia njiani mtasema nimemuua mimi." Tangu siku hiyo hakuna aliyejibu. Shangazi, baba apande nini? Na hili la kufia njiani tunalizungumzaje?

Mtoto wa pili, Moshi

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mpe pole na kaka yako. Wiki tatu za kumgeuza, kumsafisha na kumlisha mtu mzima si jambo dogo, na kwenye barua yako sijaona mahali ambapo kuna mtu amemwambia asante.

Nikujibu moja kwa moja: ambulensi ya kukodi yenye nesi ndani, kutoka mlangoni Tabata mpaka mlangoni Marangu. Noah hapana, ndege hapana, na Ijumaa hii hapana. Sasa nikueleze kwa nini, maana utahitaji maneno ya kuwaambia wenzako.

Nyote wanne mmebishana kuhusu gari, lakini hakuna aliyeniambia baba anaweza kukaa kwa muda gani. Kabla ya lolote, mwambie kaka amkalishe baba kwenye kiti chenye mgongo mrefu, mito pande zote mbili, miguu ikanyage chini, atazame saa. Je, anamaliza saa mbili bila kupinda upande, bila kizunguzungu, bila kichwa kudondoka kifuani? Kutoka Dar mpaka kwenu ni zaidi ya kilomita 500. Basi lenye dereva mzuri huumaliza mwendo huo kwa saa nane mpaka kumi. Mwenye mgonjwa, akisimama kumlisha na kumgeuza, ahesabu 11. Mtu asiyeweza kukaa saa mbili sebuleni hawezi kukaa 11 barabarani, kwa hiyo hapo gari dogo na kiti cha ndege vyote vimeshaondoka, amebaki mtu wa machela.

Na hata machela ina hatari yake, ndiyo maana hicho "kidonda kidogo" kimenishtua kuliko kiharusi chenyewe. Mimi nilimsafirisha mama yangu mzazi kutoka Tanga kuja Arusha. Gari lilikuwa na msalaba mwekundu ubavuni na king'ora juu, nami nikaona nimepata. Machela yake ilikuwa na godoro jembamba la plastiki. Tulikuwa na haraka ya kufika, mama alilala chali zaidi ya saa nne na hakulalamika, kwa hiyo hatukumgusa. Tulipofika tulikuta alama nyeusi juu ya makalio, kubwa kama kiganja cha mtoto. Wiki iliyofuata ngozi ile ilibanduka pakawa na shimo, na shimo lile tuliliuguza miezi mitano. Mfupa unapobana nyama kwenye kitu kigumu, damu haifiki, na ngozi ya mzee hufa bila kelele. Kwa aliyepooza ni mbaya zaidi, kwa sababu haisikii sehemu hiyo, au anaisikia na hana maneno ya kusema.

Kwa hiyo ageuzwe kila saa mbili, njiani kama nyumbani. Upande wa kushoto, kisha upande wa kulia kwa uangalifu bila kuuvuta mkono uliolegea, maana bega la mwenye kiharusi huchomoka upesi. Visigino vielee, wekeni mto chini ya mashavu ya miguu. Kidonda alichonacho kionwe na nesi wiki hii. Na shemeji ajue kwamba kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri: atafute sehemu iliyoiva rangi kuliko jirani yake, yenye joto, au iliyokuwa ngumu au tepetepe kwa kidole.

Noah ya kaka, basi. Najua watu wengi wamesafirisha wazazi hivyo na wakafika. Lakini godoro lililotandikwa kwenye sakafu halina pa kufungwa. Machela ya ambulensi imekazwa kwenye bodi ya gari, na mgonjwa amefungwa mikanda kwenye machela. Kwenye Noah, dereva akikanyaga breki ya ghafla pale Hedaru kwa sababu ya mbuzi, baba anakwenda mbele kama gunia. Akitapika akiwa chali hakuna nafasi ya mtu kumlaza ubavu haraka, na mtu anayemeza kwa shida, ambaye ametoka kwenye nimonia juzi, akivuta matapishi kwenye mapafu mtarudi mlikotoka. Na usiku! Usiku hamwoni rangi ya midomo yake, wala kifua kinavyopanda.

Ndege nayo si mbaya, kutoka Dar kuja KIA ni kama saa moja tu, ila hebu hesabu mara ambazo baba atanyanyuliwa. Kitandani kwenda kwenye gari, kwenye gari kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kiti kwenda ndegeni, ngazi, kiti cha ndege, halafu yote kinyumenyume KIA, na bado mnabaki na kilomita kama 80 za kupita Moshi na Himo mpaka Marangu. Wakati ndege inaruka na kutua abiria lazima akae wima na mkanda. Asiyeweza anahitaji machela ya ndani ya ndege, ambayo huchukua nafasi ya viti kadhaa, nanyi mnavilipia, na si kila ndege inayo. Shirika litataka fomu ya afya iliyojazwa na daktari kabla ya siku ya safari. Tena hewa ya ndani ya ndege huwa nyepesi, sawa na kuwa mlimani hadi mita 2,400 hivi. Mapafu mazima hayaoni tofauti kubwa, lakini ya baba yametoka kuugua, na mtungi wako wa oksijeni huruhusiwi kuingia nao kienyeji.

Ndege ya wagonjwa ni kitu kingine. Wazo la madaktari wa ndege wa Amref lilizaliwa hapahapa chini ya Kilimanjaro mwaka 1956, madaktari watatu wa upasuaji walipokaa wakatafakari jinsi ya kuwafikia wagonjwa wa mbali, na mwaka uliofuata likaanza. Naliheshimu sana. Lakini ndege zile zinakaa uwanja wa Wilson, Nairobi. Zitoke huko zije Dar, zilete mgonjwa KIA, zirudi, na gharama yake ni ya dharura ya kufa na kupona. Baba yenu si dharura. Mdogo wako mwambie hela hiyo anayo kazi nyingine nzuri, nakuja nayo.

Na 115 mwambie dada ni ya mpango wa m-mama. Ni ya wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga. Tusiwazibie laini.

Sasa hizo bei mbili. Tofauti ipo ndani ya gari, na utaijua kwa kuuliza. Nani anakaa nyuma na mgonjwa, ni nesi au daktari mwenye leseni, au ni kijana wa kufungua mlango? Madereva ni wangapi? Kuna mashine ya kunyonya makohozi, na inafanya kazi gari likiwa linatembea? Kipimo cha presha, cha sukari, na kile cha oksijeni cha kidoleni vipo? Bei ni pamoja na gari kurudi tupu Dar, au utaambiwa ukiwa Himo?

Kwenye oksijeni usikubali jibu la "ipo". Kwenye gari lile nililokodi mtungi ulikuwepo. Tulipofika Mkomazi mama akaanza kuhema haraka, kijana akafungua, na mshale ulikuwa kwenye sifuri. Tulikimbizana kutafuta hospitali nikiwa nimemshika mkono nikidhani ndiyo mwisho. Alipona, lakini ule mwendo siusahau. Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Mgonjwa akihitaji lita 2 kwa dakika, saa 11 ni dakika 660, yaani lita 1,320. Mtungi wa lita 680 utamfikisha saa tano na dakika 40, ungeishia karibu na Korogwe, nusu ya safari. Mitungi miwili ndiyo safari, wa tatu ndiyo akiba. Baba ameruhusiwa bila oksijeni, vizuri, pengine haitatumika hata kidogo. Kaka aione mishale kwa macho yake kabla gari halijaondoka.

Kabla ya siku hiyo arudi kwa daktari aliyemruhusu, aseme wazi: tunataka kumsafirisha kwa barabara, safari ya muda wa saa 11. Daktari apime kifua, presha, kumeza, kidonda, na aandike kwamba anafaa kusafiri na kwa masharti gani. Mchukue muhtasari wa kulazwa, picha ya kichwa, orodha ya dawa na saa zake, na tarehe mpira wa mkojo ulipowekwa. Mpira wa kawaida hubadilishwa kila baada ya wiki nne hivi, wa silikoni unaweza kufika wiki 12. Usije ukaziba mkiwa kwenye kihamba mvua inanyesha. Wewe uliye huku, nenda hospitali ya Kilema au ya Marangu na nakala za karatasi, uulize nani atambadilishia mpira na nani atamwona kidonda, na hospitali ya KCMC hapo Moshi uulize siku za fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo. Kama ana bima, ulizia mapema utaratibu wa rufaa, msiusikie dirishani.

Siku ya safari waondoke saa kumi na moja alfajiri. Wataipita Kimara na Mbezi kabla ya foleni, watapita Chalinze kabla ya jua kali, na kwa saa 11 watafika kwenu saa kumi jioni mlima ukiwa bado na mwanga. Dereva awe na orodha ya pa kuingilia mambo yakibadilika: Tumbi pale Kibaha, Msoga wakishapita Chalinze, Magunga pale Korogwe, kisha hospitali ya Same. Baba anywe dawa zake za presha kama kawaida. Watu wana tabia ya kumnyima mgonjwa chakula na vinywaji ili asisumbue njiani, msifanye. Kulisha ni gari likiwa limesimama, mgongo umeinuliwa, vijiko vidogo, na abaki ameinuka nusu saa baada ya kula. Kwa anayemeza kwa shida maji matupu ndiyo hatari, hupita njia ya hewa upesi. Uji mzito na mtori laini uliosagwa hadi usiwe na nyuzi ya nyama vinashuka vizuri zaidi. Mfuko wa mkojo ukae chini ya kibofu muda wote, umwagwe kila mkisimama, na mrija usifungwe.

Halafu kuna ile nusu kilomita ya mwisho. Umesema kihamba, nami nawajua vihamba vya Marangu. Lami inaishia mbali, kisha ni udongo mwekundu kati ya migomba, na mvua za masika hazijamalizika. Nenda Jumapili ukatembee njia hiyo kwa miguu. Ambulensi ndefu itageukia wapi? Kama haifiki uani, ongea na vijana wanne wa jirani, wenye nguvu na wasiokunywa siku hiyo, wasubiri barabarani na mwavuli mkubwa. Ujaribu na mlango wa chumba, upana wake, na kama kuna ngazi. Baba ametoka kwenye joto la Dar, anakuja kwenye ukungu. Blanketi, soksi, kofia.

Sasa nikuulize jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike kirefu. Saa nane usiku, nani atamgeuza? Mama ana miaka 77 na magoti mabovu. Atajaribu, kwa sababu ni mume wake, na kabla miezi miwili haijaisha mtakuwa na wagonjwa wawili. Msichana wa kazi hakuajiriwa kwa hilo wala hajafundishwa. Hapa ndipo hela ya Uingereza inapoingia. Badala ya ndege, mdogo wenu alipie mtu wa kuuguza, mwanamume mwenye nguvu aliyefundishwa, kwa miezi sita ya kwanza, na godoro la hewa la kuzuia vidonda. Dada wa Mwanza achangie pampasi na dawa. Wewe upande Marangu Ijumaa jioni ushuke Jumapili. Mtu huyo apatikane kwanza, aoneshwe kazi, ndipo mkodi gari. Ikichukua wiki tatu, ichukue. Mvua nazo zitakuwa zimepungua.

Kaka yako hapo Tabata hawezi kusubiri wiki tatu bila msaada, kwa hiyo dada wa Mwanza aende akampokee wiki moja. Sioni namna nyingine.

Kuhusu kufia njiani. Kaka aliandika kitu ambacho wote mnakiogopa, na alistahili kujibiwa. Muulizeni baba. Kiharusi kimemchukua maneno, si lazima kimechukua akili. Mkae naye asubuhi akiwa hajachoka, redio imezimwa, mama awe kwenye simu, na muongee naye Kichagga. Mwelezeni: safari ni ndefu, unaweza kuzidiwa njiani, tungoje kidogo au twende, au ubaki hapa? Swali moja moja, akubane mkono kwa ndiyo. Atakachosema, nyote wanne mkisikie mkiwa pamoja, ili baadaye asiwepo wa kusema "wewe ndiye ulitaka". Mkubaliane pia na nesi kabla: akizidiwa mnaingia hospitali iliyo karibu zaidi, hamkimbilii Moshi. Na Mungu akiamua vingine, hivyohivyo, mnaingia hospitali daktari athibitishe, mnapata kibali cha kusafirisha mwili, mnaendelea na safari ya nyumbani. Nimeliandika ili msilibebe vichwani bila jina.

Leo usiku mpigie kaka, usiandike kwenye grupu. Usianze na Noah. Muulize baba hupenda kulalia upande gani, mkono unashikwaje, ni sauti gani akiitoa ujue anaumia. Hayo anayajua yeye, nesi wa kukodi hayajui. Kisha mwombe apande nyuma ya ambulensi, akae kichwani pa baba mpaka Marangu.

Shangazi